Nani Alifunga Njia za Mto? Stori ya Ruiru na Thika

Rafiki yangu mmoja anasoma Wageningen, kule Uholanzi. Juzi alinitumia klipu ya dakika tatu ambayo imekataa kutoka kichwani. Ni Jumapili, amevaa gambuti, anatembea juu ya tuta la udongo. Upande mmoja kuna mtaro uliojaa maji, upande wa pili ng'ombe wanakula nyasi. Anafika kwenye fensi ya mtu. Anapanda kangazi kadogo ka mbao, anavuka, anaendelea na safari katikati ya shamba la mtu asiyemjua. Hakuna mbwa anayemkimbiza. Hakuna mlinzi wa kumuuliza, "Wewe, unatafuta nani?"

Mimi naishi Ruiru. Niliitazama hiyo klipu mara nne, halafu nikajiuliza swali dogo tu: naweza kutoka hapa hadi Thika kwa miguu nikifuata mito, bila kutembea kando ya lami?

Jumamosi iliyofuata nilijaribu. Nilibeba maji, ndizi na chaja. Mto Ruiru niliufuata kwa chini ya nusu saa, nikagonga ukuta wa mawe unaoingia hadi majini. Nikarudi, nikazunguka, nikashuka tena. Ukuta mwingine, huu una vipande vya chupa juu. Mara ya tatu nilikutana na geti na kijana mwenye rungu ambaye, kusema kweli, aliniongelesha kwa heshima. Aliniambia, "Boss, hapa hakuna njia. Panda juu uchukue matatu." Nikapanda juu, nikachukua matatu.

Jioni nilimpigia shosho yangu, ambaye alizaliwa na kukulia upande wa Gatanga, nikamwambia nimeshindwa kufika Thika kwa miguu. Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia wao wakiwa wasichana walikuwa wanashuka Thika na mzigo wa maharagwe mgongoni, wanauza, wananunua chumvi na mafuta, na wanarudi siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, "Shosho, mlikuwa mnapitia wapi?" Akashangaa swali lenyewe. "Si njiani?"

Hiyo "njiani" yake ndiyo nimekuwa nikiitafuta tangu siku hiyo. Ilikuwepo. Sasa haipo. Na kitu kama hicho hakipotei chenyewe, kuna watu walikifunga. Nilianza nikidhani nitamlaumu mzungu, nimalize post, nilale. Nilipofika mwisho wa stori nilikuta watu wengine huko, na mmoja wao namjua vizuri sana.

MAJI YETU YANAENDA BAHARI MOJA KWA MILANGO MIWILI

Kwanza tuelewe mahali penyewe, kwa sababu wengi wetu tunapita hapa kila siku tukiangalia simu.

Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama kilomita 20 hivi kwa barabara. Ndani ya kipande hicho kifupi unavuka Mto Ruiru, unapita Juja, unavuka Ndarugu, kisha unafika Thika mjini ambako Chania na Thika zinakutana. Mito hii yote inatoka juu, kwenye miteremko ya Nyandarua na misitu ya upande ule. Lakini Ruiru na Ndarugu zinaenda Athi, na Athi ikifika chini inaitwa Galana, kisha Sabaki, inamwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Chania na Thika zinaenda Tana, na Tana inafikia bahari kule Kipini. Kwa hivyo mahali fulani kati ya Juja na Thika, ukiwa kwenye matatu na earphone masikioni, unavuka mgongo wa ardhi unaogawa mito mikubwa miwili ya Kenya. Hakuna bango linalokuambia.

Kwa juu, upande wa Gatanga na Githunguri, nchi ni migongo na mabonde: mgongo, mto, mgongo, mto, kama vidole vya mkono. Kwa chini, kuelekea Juja na Kilimambogo, inalala tambarare. Kando ya maji kuna mafunjo, kuna nduma, kuna mikuyu, na kuna sehemu zenye kinamasi ambazo mguu unazama hadi kwenye kifundo. Mtu wa Uholanzi angeona hii akalia. Wao walikausha maji ili wapate mahali pa kukanyaga. Sisi tulipewa bure.

NJIA ILIKUWA YA WOTE

Zamani, kwa Wakikuyu, ardhi ilikuwa na wenyewe. Watu hupenda kusema ati Afrika ardhi ilikuwa ya kila mtu, lakini si kweli. Mbari ilikuwa na githaka chake na mipaka yake inajulikana. Ila ndani ya mfumo huo kulikuwa na vitu ambavyo mwenye githaka hangeweza kuvifungia watu. Jomo Kenyatta anavitaja katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938: mahali pa kulamba chumvi mifugo, chemchemi za madini, njia kuu, viwanja vya ngoma. Shamba ni lako, lakini njia inayolipita si yako.

Na hizo njia zilifanya kazi. Zilishuka kutoka mgongo mmoja hadi mtoni, zikavuka kwa gogo, zikapanda mgongo wa pili. Wanawake walizitumia kuchota maji na kwenda sokoni. Wanawake hao hao walivuka hadi kwa Wamaasai kufanya biashara hata nyakati ambazo wanaume wa pande mbili walikuwa wanapigana, kwa sababu kulikuwa na makubaliano kwamba mwanamke mwenye mzigo wa biashara haguswi. Upande wa mashariki, chini ya mlima ambao Wamaasai wanauita Ol Donyo Sabuk, Wakikuyu Kianjahi, na Waswahili Kilimambogo, njia ziliendelea hadi Ukambani.

Kuna methali inasema njia ya siku zote haina alama. Hakuna aliyehitaji kibao. Mtoto alijua njia kwa sababu aliipita akiwa mgongoni kwa mamake. Hiyo ilikuwa nguvu yake, na ndiyo ilikuja kuiua, kwa sababu kitu kisicho na alama ni rahisi sana kwa mgeni kusema hakipo.

MKOKOTENI, RELI NA KENGELE YA MBUZI

Wageni walikuja haraka. Sheria ya ardhi ya 1902 iliipa serikali ya kikoloni mlango wa kugawa ardhi kwa walowezi, na eneo la Ruiru, Juja na Thika likageuka kuwa mashamba ya mkonge na kahawa. Hoteli ya Blue Posts ilijengwa 1908 katikati ya maporomoko mawili, ya Chania na ya Thika. Mmarekani William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa sana Juja, na mwaka 1909 alimkaribisha Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu ikulu ya Marekani, aje kuwinda. Mwaka 1913 reli ikafika Thika. Kwenye makaratasi iliitwa reli ndogo ya mji ili pesa zipatikane kwa urahisi, lakini kazi yake ilikuwa kubeba mazao ya walowezi.

Wakati huo huo familia moja kutoka Uingereza ilifika Thika kwa mkokoteni wa ng'ombe ili kupanda kahawa. Binti yao, Elspeth Huxley, aliandika kumbukumbu hizo mwaka 1959, The Flame Trees of Thika, na mpaka leo ukitaja Thika kwa mgeni atakutajia kile kitabu. Sina ugomvi na kitabu, kinasomeka vizuri. Lakini fikiria: safari ya Thika inayojulikana zaidi duniani ni ya mtu aliyekuja juu ya mkokoteni. Waliokuwa wanatembea kwenye njia hizo hizo kwa miguu, kabla yake na baada yake, hakuna aliyewauliza.

Kufunga njia kulianza na fensi za mashamba. Ghafla mto uliokuwa unauchota maji uko ndani ya shamba la Bwana fulani, na ukipita wewe ni mhalifu. Halafu ikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza, karibu 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alipaswa kubeba cheti chenye alama za vidole na rekodi ya kazi yake, ndani ya kibweta cha chuma kinachoning'inia shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Ukipatikana njiani bila kipande, unakamatwa. Ukitoroka kazi ya mlowezi, unatafutwa kwa kipande.

Ndiyo maana Harry Thuku, kijana wa Kambui, si mbali na hapa Ruiru, alipoanza kupinga kipande pamoja na kodi na kazi ya lazima, watu walimfuata. Alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Watu zaidi ya 20 waliuawa. Tunafundishwa hiyo kama stori ya siasa, na ni siasa kweli. Lakini mimi naiona pia kama stori ya miguu. Watu walikufa wakidai, pamoja na mengine, haki ya kutembea nchini mwao bila kengele shingoni.

MTO KWA SAA MAALUM

Shosho hakuiona kipande ile ya kwanza. Yeye aliona kitu kingine.

Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari. Mwaka 1954 na 1955, watu zaidi ya milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu kutoka nyumba zao zilizotawanyika kwenye migongo na kukusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Lengo lilikuwa kukata chakula na habari zisiwafikie wapiganaji wa Mau Mau. Na chakula na habari vilikuwa vinapita wapi? Kwenye zile zile njia za mabondeni. Usiku, kando ya mto, chini ya miti.

Shosho alikuwa msichana mdogo. Anachokumbuka zaidi, kuliko hata njaa, ni kwamba maji yalikuwa na saa. Mnatolewa kijijini kwa kundi, homugadi mbele na nyuma, mnachota, mnarudi. Ukichelewa umeumia. Aliniambia, "Mto ulikuwa pale pale, tunausikia usiku, lakini haukuwa wetu tena."

Hapa Thika kuna stori ya mugumo ambayo kila mtoto wa mjini ameisikia. Inasemekana Mugo wa Kibiru, yule mtabiri aliyeona nyoka wa chuma kabla ya reli, alisema mugumo fulani wa Thika ukianguka, utawala wa mzungu utaisha. Inasemekana pia wakoloni waliufunga kwa chuma ili usimame. Mti ukaanguka 1963. Mahali penyewe ndipo Mugumo Gardens. Unaweza kuamini ama usiamini. Lakini uhuru ulikuja mwaka huo, na kwa kawaida hapo ndipo tunafunga kitabu na kupiga makofi.

Mimi naomba tufungue ukurasa unaofuata, kwa sababu hapo njia zilikuwa bado hazijafa.

KALAMU ILIFANYA KAZI KULIKO FENSI

Kitu ambacho sikukijua kabla ya kuanza kuandika hii ni jinsi ramani ilivyopiga njia.

Mwaka 1954, watu wakiwa bado wamefungiwa vijijini, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Swynnerton. Wazo lilikuwa kukusanya vipande vidogo vya mashamba vya kila familia, vilivyotawanyika huku na huku, kuwa shamba moja lenye hati. Kwa kilimo lilikuwa na maana. Lakini tazama jinsi vipande vilivyochorwa kwenye migongo ya Kiambu na Murang'a: barabara inapita juu ya mgongo, na kutoka barabarani kila shamba linashuka kama utepe mrefu hadi mtoni. Juu unapata gari, chini unapata maji. Kila mtu anafurahi.

Ila matokeo yake ni kwamba ukitaka kutembea kando ya mto, unakanyaga shamba la kila mtu. Njia zilizohesabiwa ni zile za juu, za magari. Zile za kushuka na kukatiza, za wanawake na mitungi, nyingi hazikuchorwa. Zilibaki kwa hisani ya majirani. Na hisani hairithiwi kama shamba. Mzee akiruhusu watu wapite, mwanawe anaweza kukataa, na hati iko upande wa mwanawe.

Huku chini, Ruiru na Juja, mambo yalienda kwa njia nyingine lakini yakafika pale pale. Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi. Wazazi na mababu zetu walichanga, shilingi kwa shilingi, wakanunua hisa. Hiyo ilikuwa ushindi, na sitaki mtu anisome vibaya: mtu ambaye babake alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa alirudi akalinunua. Lakini hisa ilibidi igeuke ploti, na ploti ni 50 kwa 100. Mpima ardhi analipwa apate ploti nyingi iwezekanavyo. Je, nani angesimama mkutanoni aseme, "Tupunguze ploti kumi ili tuache njia ya kutembea kando ya mto"? Angezomewa.

Halafu Thika Road ikaja. Ilifunguliwa Novemba 2012, leni nane, kama kilomita 50. Bei ya ploti ikapaa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 370,000 kaunti ndogo ya Ruiru peke yake. Kahawa iking'olewa, nyumba zinapandwa. Kule Ndarugu, mawe yanachimbwa kujenga hizo nyumba na hizo kuta. Fikiria: tulichimba bonde la mto, tukatoa mawe, tukayatumia kuziba bonde la mto mwingine.

Kwa hivyo hesabu yangu ni hii. Mlowezi alifunga njia kwa fensi. Serikali yake ikaifunga kwa kipande, kisha kwa handaki. Lakini kila mara watu waliendelea kuikumbuka, na geti lilipofunguka walirudi. Waliofunga safari hii ni sisi, kwa hati na mawe ya Ndarugu, na safari hii watoto hawaikumbuki.

UKUTA WA NNE

Sasa niseme lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Siku ile ya Jumamosi nilihesabu kuta. Ukuta wa nne kando ya Mto Ruiru naujua vizuri. Una rangi ya krimu iliyobabuka na mlango mdogo wa chuma uliofungwa kwa kufuli yenye kutu. Ni wetu. Baba yangu aliujenga nikiwa darasa la tatu.

Nakumbuka nilifurahi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapita nyuma ya nyumba yetu asubuhi na jioni: watoto wa shule, mama wa mboga, vijana wa kuosha magari. Ukuta ulipokamilika nikapata uwanja wa kucheza mpira peke yangu. Watoto niliosoma nao, waliokuwa wanapita pale, wakaanza kuzungukia barabarani, kwenye malori. Sikuwahi kufikiria wanapita wapi. Miaka kumi na kitu, sikuwahi.

Nilimuuliza Mzee kwa nini alijenga hadi majini. Hakukasirika. Alisema, "Tuliibiwa mara mbili mwaka huo. Na kila jirani alikuwa anajenga. Ningeacha wazi mimi peke yangu?" Na hapo siwezi kumbishia. Usalama si hadithi. Mtu yeyote anayekuambia ufungue ua wako bila kukujibu kuhusu wezi hajawahi kuibiwa.

Lakini sheria nayo iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema mito ni ardhi ya umma. Kanuni za ubora wa maji za 2006, chini ya sheria ya mazingira, zilikataza kulima au kujenga chochote ndani ya ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kupimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kwa maneno mengine, mto ni wetu sote, na ukingo wake hata mwenye ploti hana ruhusa ya kuujenga. Ukuta wetu, kwa hesabu yoyote utakayotumia, umeingia. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitukumbusha. Maji hufuata mkondo. Kule Nairobi watu wa Mathare na Mukuru walipewa saa 24 kuhama mita 30 kutoka mtoni, na walio wengi walikuwa maskini wa mabati. Wenye kuta za mawe tulikaa ndani tukitazama kwenye TV. Hiyo nayo ni haki ya aina gani?

WALE WA POLDER WALIFANYAJE?

Turudi kwa klipu. Nilimuuliza rafiki yangu, hao wakulima wamekubali vipi? Kumbe haikuwa hivyo tangu enzi za mababu. Ardhi nyingi kule ni polder, yaani mahali palipokuwa maji, wakazungushia tuta na kuyapampu nje. Beemster, mojawapo ya zile maarufu, ilikaushwa 1612. Mtu aliyetoa shamba kutoka chini ya ziwa ana sababu zote za kusema usinikanyagie. Na kwa muda mrefu vijia vya zamani vya kwenda kanisani na shuleni vilipotea huko pia, vikaliwa na mashamba makubwa na matrekta.

Wakaanza kuvirudisha. Njia ndefu ya Pieterpad, karibu kilomita 500 kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi, ilifunguliwa 1983. Baadaye, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, majimbo ya Gelderland na Utrecht yakaanza vijia vinavyoitwa kwa jina la viatu vyao vya mbao, klompenpaden. Mpango ni rahisi: kikundi cha watu wa kijiji kinatafuta njia ya zamani, kinaongea na kila mkulima, mkulima anakubali mwenyewe, kibao kinawekwa, na kuna masharti. Mbwa hawaruhusiwi sehemu nyingi. Hutoki nje ya kijia. Shamba linabaki lake. Hata Biesbosch, msitu wa kinamasi uliozaliwa na mafuriko makubwa ya 1421, una vijia vya kupita kwa miguu leo.

Sisemi tuige Wazungu. Nasema walifika mahali ambapo sisi tulikuwa tayari: shamba ni lako, njia si yako. Wao waliweka alama.

Na tusiseme hapa Kenya haiwezekani. Karura ilikuwa inagawanywa kwa matajiri, Wangari Maathai akapigwa pale Januari 1999 akipanda mti, na leo ni msitu ambao watu wanajaza kila wikendi, na vijia vinashuka hadi mtoni. Miaka ya tisini ungeambiwa utembee Karura peke yako ungecheka. Kilichofanya pawe salama ni watu kuanza kupita pale kila siku. Njia yenye watu ina macho. Ukuta una upofu upande wa pili, na mwizi anajua hivyo kuliko mimi na wewe.

MITA MBILI

Ninachoomba si kubomoa nyumba. Naomba mita mbili. Ndani ya ule ukanda ambao tayari sheria inasema usijenge, tuache kijia cha mita mbili, upande mmoja tu wa mto, kwa kuanzia kati ya daraja na daraja. Ua ubaki, ila urudi nyuma. Kaunti ikiidhinisha mtaa mpya, ikitazama ramani iulize: watu wa miguu wanafika mtoni wapi? Ploti mpya bado zinachorwa kila mwezi. Hizo hazihitaji kubomoa chochote, zinahitaji mtu auliza mapema.

Na kitu cha pili, ambacho hakihitaji kaunti. Kama una shosho au guka aliye hai, mkalishe umuulize alikuwa anapitia wapi. Daraja la gogo lilikuwa wapi, mugumo upi walipumzikia, nani alikuwa na mbwa mkali. Chora kwenye karatasi. Wa kwangu amenipa njia ya kutoka Gatanga hadi sokoni Thika na vituo saba, na vitano sijui viko wapi. Nitaenda naye kwa gari mwezi ujao, polepole, anionyeshe kwa kidole kutoka dirishani. Magoti yake hayawezi tena. Yangu yanaweza, njia ndiyo hakuna.

Baba nilimwambia kuhusu mita mbili. Alinyamaza, akaenda kuangalia ule mlango wa chuma, akajaribu kufuli kwa mkono. Akasema, "Leta majirani wawili wakubali kwanza. Mimi nitakuwa wa tatu."

Mmoja amekubali. Wa pili ananiambia atafikiria. Jumamosi hii narudi kwake na maji, ndizi, na ule mchoro wa shosho.